Kibarua cha Rumun Ndur

Mwalimu wetu wa semina ya historia ya kazi alinirudishia insha yangu ya kurasa nane ikiwa na mstari mmoja tu wa wino mwekundu, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho: "Nimekuelewa. Lakini huyu mtu alikuwa anafanya kazi gani?"

Nilikasirika kwa siku mbili. Agizo lilikuwa kuchagua mfanyakazi mmoja, asiye kiongozi wala shujaa, na kuandika maisha yake ya kazi kwa kutumia kumbukumbu zilizopo. Wenzangu walikwenda kule wanakokwenda wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam siku zote: makuli wa bandarini waliogoma mwaka 1947, watu wa reli, manamba wa mashamba ya mkonge. Mimi nilitaka kujitofautisha. Nikamchagua Rumun Ndur, beki wa hoki ya barafuni aliyezaliwa Zaria, Nigeria, Julai 7, 1975, akakulia Kanada, na akawa mzaliwa wa kwanza wa Nigeria kucheza NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika ya Kaskazini. Mtoto wa Zaria juu ya barafu! Niliona insha imejiandika yenyewe.

Na kweli ilijiandika yenyewe, ndiyo maana haikuwa na kitu. Kurasa zote nane zilizunguka neno moja, "kwanza". Hata hilo nililikosea. Rasimu yangu ya mwanzo ilisema Ndur ni Mwafrika wa kwanza katika NHL, mpaka nilipokutana na jina la Olaf Kölzig, kipa aliyezaliwa Johannesburg kwa wazazi Wajerumani, ambaye alikwishaonja ligi hiyo miaka kadhaa kabla yake. Nikarekebisha: mzaliwa wa kwanza wa Nigeria. Halafu nikapanga nyuma yake ukoo mzima wa "wa kwanza" wengine, nikianza na Willie O'Ree, mchezaji mweusi wa kwanza wa NHL, aliyeingia uwanjani na Boston Bruins jijini Montreal Januari 18, 1958, akiwa amekwisha kupofuka jicho moja.

Nilipolisoma upya swali la mwalimu nikaona aibu. Mahali ulipozaliwa si kazi. Ndur hakulipwa kwa kuzaliwa Zaria. Alilipwa kwa jambo fulani alilolifanya akiwa amevaa viatu vya chuma, usiku baada ya usiku, na katika kurasa nane sikuwa nimelieleza hata kwa sentensi moja.

Nikaanza upya, safari hii na namba, maana ndizo kumbukumbu pekee nilizokuwa nazo. Mwaka 1994 Buffalo Sabres walimchagua katika mchujo wa vijana, akiwa wa 69 kwenye orodha. Msimu wa 1996–97 alicheza michezo miwili ya NHL. Msimu uliofuata, mmoja. Msimu wa 1998–99, minane akiwa Buffalo na 31 akiwa New York Rangers. Msimu wa 1999–2000, michezo 27 akiwa Atlanta Thrashers. Kisha basi. Ukijumlisha unapata michezo 69, sawasawa na namba aliyochaguliwa nayo. Mabao mawili. Pasi za mabao tatu. Dakika za adhabu 137.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: uwanja ni barafu ya mita 61 kwa 26, iliyozungushiwa ukuta wa mbao na vioo. Kila timu ina watu sita ndani, yaani kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu, nao wanagombea kwa magongo kisahani cha mpira mgumu. Mbio zake ni kali kiasi kwamba mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja, kisha hutoka kuvuta pumzi na mwenzake huruka ukuta kuingia. Kubadilishana huko hakuna kikomo. Kwa hiyo timu kwa kawaida huvalisha mabeki sita na kuwapanga jozi tatu. Jozi ya kwanza huingia mambo yanapokuwa magumu. Jozi ya tatu huingia ili jozi ya kwanza ipumzike. Na nyuma ya hao sita, mara nyingi yupo wa saba au wa nane, mzima wa afya, aliyefanya mazoezi asubuhi pamoja na wenzake, ambaye jioni hulitafuta jina lake kwenye orodha na kulikosa. Huyo hutazama mchezo akiwa amevaa suti.

Kazi ya beki wa jozi ya tatu ni rahisi kuieleza na ngumu kuipima. Anatakiwa kuhakikisha kwamba kwa zile sekunde arobaini au hamsini alizopewa, hakuna kinachotokea. Anamsukuma mshambuliaji kwenye ukuta kabla hajapata nafasi ya kugeuka. Anasimama mbele ya kipa wake na kuwaondoa kwa mabega wanaomziba macho. Anakinga shuti kwa mguu. Kisahani kikimfikia, anakitoa haraka kwenye eneo lake bila mbwembwe, halafu anarudi benchi. Akifanya haya vizuri, karatasi ya mchezo hubaki tupu upande wake. Hakuna bao, hakuna pasi, hakuna kitu. Mshambuliaji aliyezuiwa asifunge haandikiwi popote kwamba alizuiwa na nani.

Kinachoandikwa ni adhabu. Ukimkwatua mtu kwa gongo, dakika mbili kizimbani. Ukitupa glavu na kupigana, dakika tano. Dakika 137 katika michezo 69 ni karibu dakika mbili kila mchezo, nyingi kwa mtu ambaye huenda haingii uwanjani hata robo saa. Hoki ya miaka ya tisini ilikuwa na nafasi rasmi kwa mtu wa mabavu: nyota wako akichezewa vibaya, kuna mtu kwenye benchi ambaye kazi yake ni kwenda kulipiza. Ndur alikuwa mkubwa, mgumu, na hakukwepa. Wala hakuwa peke yake. Donald Brashear, Georges Laraque na Peter Worrell, wachezaji weusi wa kizazi hichohicho, wote walijulikana kwanza kwa ngumi. Ni swali ambalo historia ya mchezo huu inapaswa kujiuliza: je, hawa ndio waliopenda kupigana, au ndio waliofunguliwa mlango huo wakati milango mingine imerudishiwa? Mwaka 1997 ligi ilimfungia mchezaji mmoja michezo mitatu kwa kumtolea Mike Grier wa Edmonton tusi la rangi. Hayo ndiyo yalikuwa mazingira ya kazi.

Nikiwa nimezama kwenye hizo dakika 137, ndipo nilipoona kitu ambacho wenzangu wa makuli na manamba walikwishakiona siku nyingi. Mafaili ya wakoloni hayamkumbuki mfanyakazi akibeba gunia. Yanamkumbuka akipigwa faini, akitoroka, akigoma. Siku elfu moja alizofanya kazi yake sawasawa zimepotea, na siku moja aliyokosea ina muhuri na tarehe. Mtu anayesoma mafaili hayo bila uangalifu anaweza kudhani makuli walikuwa watu wa ugomvi tu. Na anayesoma namba za Ndur atadhani alikuwa mtu wa kupigana tu. Lakini hakuna kocha anayempa mtu nafasi 69 za kucheza ligi ngumu kuliko zote duniani kwa sababu ya ngumi pekee. Kuna mambo mengi yaliyokuwa karibu kutokea, na hayakutokea kwa sababu yeye alikuwepo.

Basi nikajaribu kusoma sehemu zilizo tupu. Kati ya mwaka 1995 na 1998, maisha yake yalikuwa zaidi Rochester kuliko Buffalo. Ni miji miwili ya jimbo moja, umbali wa kama kilomita 120, saa moja na kidogo kwa gari. Rochester Americans ndiyo iliyokuwa timu ya chini ya Buffalo, na msimu wake wa kwanza huko, 1995–96, ilitwaa Kombe la Calder, ubingwa wa ligi hiyo ndogo. Michezo miwili, kisha mchezo mmoja: maana yake ni kwamba aliitwa juu beki fulani alipoumia, akacheza, aliyeumia akapona, naye akarudishwa. Wachezaji wa aina hii mara nyingi husaini mkataba wenye mishahara miwili, mmoja wa siku ukiwa juu na mwingine, mdogo zaidi, wa siku ukiwa chini. Simu ikilia asubuhi, mshahara unabadilika kabla ya jioni.

Msimu wa 1998–99 ndio uliojaa kuliko yote. Ligi ina utaratibu wake: mchezaji aliyefikisha kiwango fulani cha uzoefu hashushwi kimyakimya. Jina lake huwekwa kwanza kwenye orodha, na timu nyingine zote hupewa muda mfupi wa kusema kama zinamtaka. Desemba 1998 jina la Ndur lilikuwa kwenye orodha hiyo, na Rangers wakasema tunamtaka. Ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Wenyeji wako wamekuambia hawana haja na wewe, na mgeni amekuambia anayo. Akahama Buffalo, akaenda New York.

Huko alikuta chumba cha kubadilishia nguo ambacho Wayne Gretzky alikuwa anamalizia maisha yake ya uchezaji. Gretzky alicheza mchezo wake wa mwisho Aprili 18, 1999, akiwa amefikisha michezo 1,487 na mabao 894, na ligi nzima ikaistaafisha jezi namba 99. Kwa michezo 31 ya msimu huo, Ndur alikuwa mwajiriwa wa timu hiyohiyo. Rangers hawakufuzu hatua ya mtoano. Buffalo, waliomwachia Desemba, walikwenda mpaka fainali ya Kombe la Stanley mwezi Juni na kufungwa na Dallas. Nilipoziweka tarehe hizi pamoja kwenye daftari langu nilitaka kuziandikia sentensi ya majonzi. Nikaiacha. Pengine yeye aliona tu kwamba New York alikuwa anacheza, na Buffalo asingekuwa anacheza.

Kisha Atlanta. Nafasi hii nayo ina historia yake. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1967 NHL ilikuwa na timu sita tu. Hata ukihesabu mabeki sita kwa kila timu, hizo ni nafasi 36. Willie O'Ree, pamoja na sifa yote anayostahili, alicheza NHL michezo 45 tu, na miaka yake mingine mingi akaimaliza kwenye ligi za chini, hasa Los Angeles na San Diego. Kwa muda huo mrefu alikuwa mchezaji wa kuhamahama kama wengine, ila neno "kwanza" limetufanya tusikumbuke. Mwaka 1967 timu ziliongezeka maradufu zikawa 12, na ziliendelea kuongezeka mpaka Atlanta ilipoingia mwaka 1999 ikiwa ya 28. Mabeki 168. Kila timu mpya ilipozaliwa, ilihitaji watu wa haraka waliokwisha kuijua kazi, na hao ndio waliokuwa wakisubiri pembeni mwa timu kongwe. Msimu wake wa kwanza Atlanta ilishinda michezo 14 kati ya 82. Ndur alivaa jezi yao mara 27. Miaka kumi na moja baadaye hata timu yenyewe ilihama, ikaenda Winnipeg.

Baada ya hapo hakurudi tena NHL, lakini hakuacha kazi. Aliendelea na ligi za chini za Marekani, kisha akavuka bahari. Uingereza, ambako watu wengi hawajui kama kuna hoki ya barafuni, alichezea Coventry Blaze na Nottingham Panthers. Kumbukumbu fupi za maisha yake huipitia miaka hii kwa mstari mmoja, kana kwamba mtu akishatoka NHL anakuwa amekufa. Mimi mwenyewe katika zile kurasa nane niliipa maneno sita.

Kilichobaki kunisumbua kilikuwa neno. Waandishi wa michezo wa Kiingereza humwita mchezaji kama Ndur "journeyman", na mimi nilikuwa nimelitafsiri kwa kufikiria safari: msafiri, mhamaji. Kumbe halina uhusiano na safari. Limetoka kwenye neno la Kifaransa la kazi ya siku moja. Alikuwa fundi aliyekwisha kuhitimu lakini asiye na karakana yake, anayelipwa kwa siku. Nikacheka peke yangu maktaba, maana neno hilo tunalo. Ni kibarua. Nalo lina historia yake, barua ndogo, kile cheti kilichohusiana na watu waliokodishwa kwa kazi za siku katika miji ya pwani karne ya 19, wengi wao wakiwa watumwa waliotakiwa kupeleka sehemu ya ujira kwa bwana zao. Leo kocha akifukuzwa, magazeti ya michezo yanaandika kwamba kibarua chake kimeota nyasi, na hakuna anayefikiria kile cheti.

Mimi nililifahamu neno hilo mapema kuliko nilivyotaka. Darasa la tano tulipewa fomu yenye nafasi ya kazi ya mzazi. Baba alikuwa akifanya vibarua bandarini. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anasimama getini na wenzake, majina yanasomwa. Likisomwa anaingia, lisiposomwa tunamwona nyumbani saa tatu. Kwenye fomu niliandika "mfanyabiashara". Mwalimu wa darasa, aliyekuwa jirani yetu, akalikata na kuandika "kibarua" kwa herufi kubwa. Sijui kwa nini nilichukia hivyo. Ulikuwa ukweli.

Jumapili moja, nikiwa katikati ya kuandika upya, nilimpigia simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unasoma au unalala?"

Nikamweleza kuhusu Ndur, kwa kirefu. Barafu haikumshangaza hata kidogo. Alichouliza ni haya: anajuaje kama leo anacheza? Anaambiwa saa ngapi? Asipocheza analipwa? Nilimwambia kuhusu orodha, kuhusu wa saba anayetazama akiwa amevaa suti, kuhusu mishahara miwili.

"Sasa huyo si ni kibarua tu?" akasema.

Nilimkumbusha kwamba mshahara wa NHL, hata ule wa chini kabisa, ungetosha kumjengea nyumba, na kwamba wachezaji wana chama chao tangu mwaka 1967, chama chenye nguvu ambacho mwezi Oktoba wa mwaka uleule Ndur alipochaguliwa hakikukubali masharti ya wenye timu, nao wakafunga milango hadi msimu ukapunguzwa kuwa michezo 48. Makuli walikuwa na nini cha kulinganisha na hicho? Sikutaka kufananisha vitu visivyofanana, mwalimu angenikata tena. Baba alisikiliza, akasema sawa, pesa ni pesa, lakini yeye hakuulizia pesa.

Kisha nikamuuliza kama ana karatasi yoyote ya miaka yake bandarini, kitu ambacho mtu kama mimi angeweza kukitumia siku moja. Akasema anayo moja. Nikamsikia anavuta sanduku, anapekua. Ilikuwa barua ya onyo kutoka kampuni moja ya kupakua mizigo, kwa kuchelewa kazini siku mbili katika wiki moja. Miaka 19 ya kubeba mizigo ya nchi nzima, na kumbukumbu yote ni hiyo. Nilimwomba aipige picha anitumie. Alituma ikiwa imepinda, kidole gumba chake kinaonekana pembeni.

"Na huyo kijana wako," aliniuliza kabla hatujaagana, "alifanya kazi miaka mingapi jumla?"

Nikahesabu kuanzia Rochester mpaka Uingereza. "Zaidi ya kumi, Baba. Timu nyingi nyingi."

"Basi alikuwa mzuri," akasema. "Mbaya haitwi mara ya pili."

Insha niliyorudisha ilikuwa na kurasa sita. Zaria imo kwenye sentensi ya kwanza, kisha hairudi tena. Sehemu kubwa inahusu sekunde arobaini na tano za beki aliye mbele ya kipa wake, anachokiangalia, uzito anaouweka kwenye mguu upi, mtu anayemsukuma na kwa nini. Mwalimu ameandika maoni mengi pembezoni. Mengine yananitaka nitafute ushahidi zaidi, na ana haki. Swali la wino mwekundu halimo.